Unene Ulioahidiwa: Uhakiki wa Rangi Inayoumuka

Nguzo ya chuma iliyokingwa kwa rangi ya moto ina matabaka matatu, na mhakiki akiipata afadhali aanze na lile asiloliona. Chini, juu ya chuma kilichosuguliwa hadi kutakata, pana rangi ya msingi ya kuzuia kutu. Juu kabisa pana rangi ya mapambo, ambayo mwenye jengo aliichagua ifanane na milango yake. Katikati pana tabaka jeupe, butu, lenye unene wa milimita moja, pengine mbili au tatu, lisilo na mvuto wowote. Hilo ndilo kisa chenyewe. Laweza kukaa pale miaka 20 bila kazi, kisha siku joto likipanda kupita nyuzi 200 za Selsiasi na kuendelea, likaumuka kwa dakika chache, likawa povu gumu la sentimita kadhaa, na chuma kilichomo ndani kikapata muda wa kusimama.

Nataka kulisoma tabaka hilo kama tunavyosoma shairi: umbo kwanza, mengine baadaye. Walimu wetu wa fasihi walitufundisha kutenga fani na maudhui, lisemwalo huku na namna ya kulisema kule. Mbele ya rangi hii mgawanyo huo hausimami. Rangi haina ujumbe mwingine zaidi ya kubadilika kwa umbo lake. Siku ikikataa kubadilika, imekuwa chokaa ghali tu. Na kwa kuwa kazi yake yote iko katika badiliko, yafaa kuuliza badiliko hilo lilitungwa likimtazamia nani. Kila fani ina msomaji wake inayemdhania. Huyu wa rangi anajitokeza vizuri zaidi ukiisoma kutoka mahali ambapo hakutazamiwa, na mahali pangu ni Opala, kwenye mto Lomami, katika jimbo la Tshopo. Kutoka huko mtu hushuka mto hadi Isangi, kisha hupanda mto Kongo mpaka Kisangani, kwenye maghala ya chuma na mabati ambako swali hili linaanza kuwa na uzito.

Tuingie ndani ya tabaka. Mna wahusika wakuu wanne. Wa kwanza ni amonia polifosfeti, unga mweupe ambao ukipata joto huachia amonia na kubakiza asidi. Wa pili ni pentaeritritoli, alkoholi iliyoganda, yenye kaboni ya kutosha. Wa tatu ni melamini, ile ile inayotengenezewa sahani ngumu za mezani. Ikipashwa sana hutoa gesi zisizowaka. Wa nne ni utomvu unaowafungamanisha wote, na ambao joto huulainisha ukawa uji mzito. Pembeni kabisa, kama mhusika mdogo ambaye msomaji hamtilii maanani, kuna titani dioksidi, unga uleule unaozipa rangi za kawaida weupe wao.

Ukiwataja hivyo kwa orodha hujasema kitu. Utunzi uko katika zamu zao. Utomvu sharti ulainike kwanza. Amonia polifosfeti huanza kuvunjika kati ya nyuzi 200 na 300, kutegemea aina yake. Pentaeritritoli huyeyuka karibu na nyuzi 260. Asidi inaikamata ikiwa tayari imelegea, inaipokonya maji, na kinachobaki ni kaboni. Melamini huja baadaye kidogo, juu ya nyuzi 300, na gesi zake zinaukuta uji ukiwa umeshakuwa mzito kiasi cha kuzinasa lakini haujakauka. Hapo ndipo tabaka linapofura. Gesi zikiwahi, zinatoroka kwenye uji mwepesi na hakuna povu. Zikichelewa, zinakuta ganda limekakamaa, zinalipasua, na moto unapita kwenye nyufa. Mtu aliyewahi kuhangaika na mizani ya shairi atalitambua tatizo: maneno yote yapo, vina vipo, na ubeti bado unakwama kwa sababu silabi moja imefika kabla ya zamu yake.

Mwisho wa kisa una mgeuko ambao watu wengi hawausimulii. Povu likiisha kuumbika ni jeusi, maana ni kaboni. Moto ukiendelea, oksijeni huanza kuila kaboni hiyo, na kama mambo yangeishia hapo kinga ingeyeyuka hewani. Lakini yule mhusika wa pembeni, titani, amekwisha kuungana na fosfeti iliyobaki, na wawili hao huacha mfupa mweupe unaoendelea kusimama pale kaboni ilipoondoka. Kwa hiyo nguzo iliyopita motoni saa nzima mara nyingi hukutwa ikiwa nyeupe kwa nje. Ukiniuliza ni wapi mtunzi alionyesha ustadi wake, nitaonyesha hapo, kwenye kazi ya pili aliyompa mhusika aliyeonekana kuwekwa kwa ajili ya weupe tu.

Wazo lenyewe si jipya. Hataza ya Marekani ya mwaka 1938, yenye jina la Tramm na wenzake, tayari ilikuwa na muundo huo wa fosfeti, chanzo cha kaboni na gesi, na ilihusu kuzikinga mbao. Chuma kilikuja baadaye. Yafaa kulikumbuka hilo, maana tutarudi kwenye mbao tukifika mtoni.

Chuma chenyewe, kwa nini kinahitaji kufunikwa? Hakiungui. Wala hakihitaji kuyeyuka ili kiangushe paa. Kuyeyuka kuko mbali, karibu na nyuzi 1,500, na moto wa nyumba haufiki huko. Kinacholegea ni nguvu. Kwa majedwali ya Eurocode 3, kanuni ya Ulaya ya ujenzi wa chuma, chuma cha ujenzi kikiwa na nyuzi 400 bado kinabeba karibu kama kawaida. Kwa nyuzi 500 kimebaki na asilimia 78 ya nguvu zake. Kwa 600, asilimia 47. Kwa 700, asilimia 23. Ndiyo maana wahandisi wengi huchukua nyuzi 550 kuwa mpaka wa mazoea, na kazi ya rangi ikawa kuchelewesha siku ya kuuvuka. Tena chuma kikipata joto hurefuka. Boriti ya mita 10 ikifika nyuzi 500 imeongezeka sentimita sita na zaidi, na sentimita hizo lazima ziende mahali: zinasukuma ukuta wa matofali, zinajipinda, au zinachomoa kiungo. Jengo la saba la World Trade Center mjini New York liliungua kwa saa nyingi tarehe 11 Septemba 2001, na taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, ilieleza mwaka 2008 kwamba mihimili ya sakafu ilirefuka ikasukuma boriti kuu kutoka kwenye kikalio chake. Kinga iliyokuwamo ilikuwa ya kunyunyizwa, haikuwa ya kuumuka. Lakini kilichoanza kuliangusha jengo kilikuwa urefu ulioongezeka mahali pasipo na nafasi, na nguvu zilizopungua zikafuata.

Sasa tuusome moto. Rangi hii haikutungwa kwa ajili ya moto wowote ule. Ilitungwa kwa ajili ya mstari mmoja uliochorwa kwenye karatasi, unaojulikana kama ISO 834. Katika tanuri la majaribio, joto hupandishwa kufuata mstari huo: dakika ya tano nyuzi 576, dakika ya 30 nyuzi 842, saa moja nyuzi 945, saa mbili nyuzi 1,049. Nguzo iliyopakwa huwekwa ndani, vipimajoto huchomekwa ndani ya chuma, na watu husubiri kuona itachukua dakika ngapi kufika kwenye mpaka. Cheti cha dakika 60 kinatoka hapo.

Kama msuko wa hadithi, mstari huu ni wa ajabu. Mwanzo unakuja kwa kishindo, kisha unapanda kidogo kidogo, unapanda tu, haushuki kamwe. Hauna kilele kwa sababu hauna mteremko baada yake. Moto halisi hauko hivyo. Moto halisi huanza kwa kujificha, hulipuka chumba kikikolea, hula vilivyokuwemo, kisha hufifia kwa kukosa kuni. Mstari ulichorwa na Wamarekani wakati wa vita vya kwanza vya dunia. Shirika lao la vipimo, ASTM, liliukubali mwaka 1918, na dunia ikaufuata. Kufikia mwaka 1928 Simon Ingberg, wa ofisi ya viwango ya Marekani, alikuwa ameshachapisha vipimo vya moto uliochoma vyumba vyenye samani halisi mpaka ukaisha wenyewe, na akatafuta namna ya kuulinganisha na mstari ule kwa kupima wingi wa vitu viwakavyo. Mstari haukubadilika. Ulikwisha kuwa kanuni, na wanaotunga rangi hujifunza kuumuka kwa mwendo wake.

Madhara yake yanaonekana kwenye moto wa polepole. Fikiria ghala la makala mjini Kisangani. Magunia yamepangwa hadi darini, moja la chini lilifungwa likiwa na kaa moja ambalo halikuzimika sawasawa. Moto wa namna hiyo hauruki hadi nyuzi 576 kwa dakika tano. Unavukuta usiku kucha, unapasha chuma kwa subira, na rangi iliyozoea kishindo inapitia zamu zake kwa mwendo usio wake: utomvu unalainika muda mrefu kabla ya gesi kuja, uji unateleza, povu linatoka dogo au halitoki sawasawa. Watengenezaji wanalijua hilo. Kiwango cha Ulaya cha kupimia rangi hizi, EN 13381-8, kina jaribio la pili la joto la polepole kwa sababu iliyo wazi: baadhi ya rangi zinazofaulu kwenye moto wa haraka huumuka vibaya zikipashwa taratibu. Nikisoma cheti kinachotaja mstari wa kwanza peke yake, namwona mtunzi aliyejaribu kazi yake mbele ya msomaji mwenye haraka tu.

Kuna jambo jingine ambalo tanuri linalificha, nalo ni ukubwa. Tanurini huingia kipande: boriti ya mita chache, nguzo moja, kila kimoja peke yake. Ni kama kuhukumu tenzi kwa ubeti uliong'olewa. Mwaka 1995 na 1996 Waingereza waliichoma moto, sehemu kwa sehemu, fremu ya chuma ya ghorofa nane waliyokuwa wameijenga ndani ya banda kubwa la ndege za puto huko Cardington. Boriti ambazo hazikupakwa kitu zilipita nyuzi 800, joto ambalo kwa majedwali ya kipande kimoja lilipaswa kuziangusha, na sakafu ikaning'inia ikiwa imebonyea, haikuanguka, kwa sababu zege la sakafu lilikuwa limeanza kuvuta uzito kama utando kutoka pande zote. Jengo zima lilikuwa na nguvu ambazo hakuna kipande chake kilichokuwa nazo. New York, miaka michache baadaye, ilionyesha upande wa pili wa sarafu hiyo hiyo: jengo zima laweza pia kuwa na udhaifu ambao hauko katika kipande chochote.

Turudi Kisangani na tuangalie juu. Paa la ghala la kawaida pale linashikiliwa na kenchi za vyuma vya kona, vilivyochomelewa papo hapo uwanjani, vyenye unene wa milimita tano au sita. Hapa hesabu moja inasema mengi kuliko brosha. Wahandisi huuliza: kipande hiki kina uso kiasi gani unaopokea moto, ukilinganisha na kiasi cha chuma kinachopaswa kupashwa? Nguzo nene ya umbo la H, yenye upana wa sentimita 30, ina takriban mita za mraba 115 za uso kwa kila mita moja ya ujazo ya chuma. Chuma cha kona cha milimita 50 kwa 50 kwa 5 kina karibu 400. Kile cha kwanza kinapasika kwa kusitasita. Cha pili kinaufuata moto karibu hatua kwa hatua, na kikiwa uchi kwenye moto wa mstari ule kitauvuka mpaka wa nyuzi 550 ndani ya dakika kama 10. Na rangi? Majedwali mengi ya watengenezaji hukoma kabla ya kufika 400, au yanadai unene mkubwa kiasi kwamba fundi angemaliza ndoo zake kwenye kenchi mbili. Kwa maneno mengine, fani hii huwanufaisha zaidi walio na unene tayari. Wembamba, ambao ndio wanaohitaji zaidi, inawaacha. Sijui kasoro nyingine ya rangi hii iliyo kubwa kuliko hiyo, na haiandikwi kwa herufi kubwa popote.

Opala hakuna haja ya majedwali kuona jibu la zamani la swali hilo hilo. Ukuta wa nyumba ya huko husimama kwa miti na fito, na fito huwaka. Juu yake hukandikwa udongo, kiganja kwa kiganja, hadi mti usionekane. Udongo ule ni kinga ya moto, ingawa haukukandikwa kwa ajili hiyo peke yake: hauwaki, unapitisha joto polepole, na maji yaliyofichama ndani yake hula joto yakigeuka mvuke kabla mti haujaguswa. Tofauti yake na rangi ni ya umbo kabisa. Udongo ni mnene tangu siku ya kwanza. Unaonekana, unashikika, unapasuka mbele ya macho ya mwenye nyumba naye anauziba. Unene wa rangi ni wa ahadi. Siku ya kukagua haupo, utakuja siku ya moto, na kati ya siku hizo mbili hakuna mtu anayeweza kuugusa. (Paa la majani juu ya ukuta ule ni habari nyingine. Hapo Opala ina udhaifu wake yenyewe, na udongo hauwezi kuusaidia.)

Ahadi hiyo ina adui mkubwa katika nchi yetu ya mvua. Amonia polifosfeti na pentaeritritoli hupenda maji. Unyevu ukipenya mwaka baada ya mwaka, huvitoa taratibu mpaka juu, vikachuruzika au kuchanua kama chumvi, na tabaka linabaki jeupe vilevile likiwa limeishiwa. Kinacholinda ni ile rangi ya mapambo ya juu, ambayo kumbe haikuwa mapambo tu. Wazungu wameweka madaraja ya mahali kwa herufi: Z2 kwa ndani pakavu, Z1 kwa ndani penye unyevu, Y kwa palipofunikwa lakini pasipo kuta, X kwa kila hali ya hewa. Ghala la Kisangani, karibu kabisa na ikweta, lenye upande ulio wazi kuelekea mto, huanzia Y, na mabati yakivuja limekuwa X. Rangi iliyonunuliwa kwa bei ya Z2 ikapakwa pale imewekwa katika utanzu usio wake. Muda unaodhaniwa katika tathmini hizo ni miaka 10, au 25 kwa zilizopimwa zaidi. Sasa hesabu ni mara ngapi ghala la bandarini hupakwa rangi upya na fundi ambaye hajui kilichomo chini, anayeleta rangi ya mafuta na kuimwaga tabaka juu ya tabaka, hadi ganda la juu linakuwa gumu kiasi cha kulizuia povu lisitoke.

Nimesema cheti huandikwa dakika 60. Tuisome namba hiyo kama sentensi, tutaona haina kiarifu. Dakika 60 za nini? Rangi haizimi moto. Haiokoi mtu. Inachofanya ni kuahirisha, na kuahirisha kuna maana tu kama kuna mtu anayekuja. Sentensi ilitungwa katika miji ambako anayekuja anajulikana: gari la zimamoto, mabomba ya maji mitaani, ngazi za dharura. Alfajiri ya tarehe 7 Agosti 2013 moto ulizuka Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta jijini Nairobi ukala ukumbi wa abiria wa kimataifa wanaowasili. Hapo, katika mojawapo ya viwanja vikubwa vya Afrika Mashariki, kiarifu kilichelewa. Opala anayekuja ni jirani na ndoo.

Namna ya kumwita jirani huyo katika bonde hili la mto ilikuwa nayo fani yake. John Carrington, mmisionari wa Kibaptisti aliyeishi Yakusu, chini kidogo ya Kisangani, alichapisha mwaka 1949 kitabu kuhusu ngoma zinazozungumza za Walokele, na alichokiona ni kwamba ngoma haisemi neno fupi kwa ufupi. Ngoma ina sauti ya juu na ya chini tu, na maneno mengi hufanana kwa sauti hizo. Basi kila neno hupanuliwa likawa msemo mrefu uliozoeleka, ili masikio yaliyo mbali yasikosee. Nayo ni fani inayofura kwa sababu njia yake ni nyembamba. Ila ngoma inafura ikimwelekea mtu: urefu wake wote umepimwa kwa sikio la msikilizaji aliye ng'ambo ya mto. Rangi inafura ikikielekea chuma, na vipimajoto vyake vimezikwa ndani ya chuma. Mtazamo wa msimulizi ni wa nguzo.

Kumbe upo utanzu wa kinga ya moto unaosimuliwa kutoka upande wa watu, nao ni wa vyombo vya majini. Mkataba wa kimataifa wa usalama baharini, SOLAS, unataka kuta fulani za meli ziwe za daraja la A-60: chuma chenye kizuizi, na moto wa tanuri ukiwa upande mmoja, upande wa pili joto la wastani lisiongezeke kupita nyuzi 140 kwa dakika 60, wala nukta yoyote isipite ongezeko la nyuzi 180. Hapa hakuna anayeuliza chuma kimebakiwa na nguvu kiasi gani kwanza. Kinachopimwa ni upande ambako mtu anaweza kuwa amesimama ameegemeza mgongo. Dakika ni zile zile 60, lakini sentensi imepata mtendwa.

Mto wetu hauna meli za namna hiyo kwa wengi. Una balenieri, mashua ndefu za mbao zenye injini, ambamo abiria, mapipa ya mafuta, mihogo, mbuzi na mafiga ya kupikia hukaa sakafu moja. Aprili 2025, karibu na Mbandaka, mashua iliyoitwa HB Kongolo ilishika moto. Maofisa walisema ulianzia kwa mtu aliyekuwa akipika, na hesabu yao ya waliokufa ilipita 140. Wengi walijitupa majini wasijue kuogelea. Ile hataza ya 1938 ilihusu mbao, na rangi za kuumuka kwa mbao zipo. Mtu anaweza kusema zingepakwa. Sikubali haraka hivyo. Rangi ingechelewesha mbao kuwaka. Isingechelewesha petroli, na dakika zilizopatikana zingewakuta watu pale pale, katikati ya mto, bila boya. Kwa chombo kile kilichokosekana kilikuwa ukuta kati ya jiko na mapipa, hata wa bati mbili zenye udongo katikati, na jaketi za kuelea. Fani ya kuahirisha haina la kufanya mahali ambapo hakuna pa kwenda.

Basi ghala la Kisangani litendewe nini, kama mwenye mali ataniuliza mimi mhakiki badala ya mwuza rangi? Nguzo zake azijengee matofali ya kuchoma kutoka sakafuni hadi zinapokutana na kenchi, aache upenyo wa chuma kurefuka pale juu boriti inapogusa ukuta. Hiyo ni kazi ya fundi yeyote wa Tshopo, na unene wake unaonekana. Kenchi za vyuma vya kona aziache, asizipotezee rangi, ila makala na mafuta yatoke chini yake yapewe banda lao. Rangi inayoumuka ninaitetea mahali pamoja: kwenye boriti nene isiyoweza kujengewa, ndani pakavu, ambako kuna lango la pili na watu wanaoweza kulifikia. Hapo ni kazi nzuri, na yule titani wa pembeni anastahili sifa zake. Na kwa kuwa tabaka la kati haliwezi kujitambulisha, kando yake pigiliwe kibao cha bati chenye jina la rangi, unene uliopimwa baada ya kukauka, daraja lake la unyevu, mwaka wa kupakwa, na mstari mmoja kwa Kiswahili na Kilingala ukimkataza fundi ajaye kupaka rangi ya mafuta juu yake.